Mwenye gari ananunua resore mpya, shofere anakalia gunia

Jioni, gari la Fuso linapoingia parkingi mjini Butembo likitoka Kasindi au Bunia, wa kwanza kuruka chini ni taniboi. Wanafuata abiria waliokuwa juu ya mizigo, akina mama wakipokezana watoto na mabunda ya nguo. Shofere anashuka mwisho. Anafungua mlango, anageuza miguu yote miwili, anashika chuma cha kioo, kisha anangoja kidogo kabla ya kukanyaga chini. Wanaomwona wanasema amechoka, apewe chai. Wengine wanasema ni mafigo, kwa sababu hanywi maji njiani.

Asubuhi mwenye gari anakuja kukagua. Anainama chini ya gari kutazama resore, anahesabu vyuma, anakuta kimoja kimevunjika, anatoa pesa papo hapo na fundi anaanza kazi. Juu, ndani ya kabini, kiti cha shofere kimefunikwa na gunia lililokunjwa mara nne, na chini ya gunia chuma kimetokeza. Hicho hakuna anayekikagua.

Hapo pana makosa, na makosa hayo yanawatoa watu kazini wakiwa bado na nguvu za kulea watoto. Kiti ni resore ya mwisho ya gari, ile inayobeba mtu. Mwenye gari anayekubali kwamba vyuma vya chini vinachoka na kubadilishwa, anakosa sababu ya kukataa kwamba kiti nacho kinachoka. Tofauti ni moja tu: resore ikivunjika gari linalala njiani na mzigo wa mfanyabiashara unaoza. Mgongo wa shofere ukivunjika anatafutwa shofere mwingine, na wanaotafuta kazi ni wengi.

Watu wengi wanadhani kinachoumiza ni mashimo makubwa peke yake. Shimo kubwa linaumiza, ndiyo, na shofere analiona na kulipunguzia mwendo. Kinachommaliza zaidi ni ule mtetemo mdogo usioisha, kutoka kabini inapowashwa mpaka inapozimwa. Mtoto anayetoka chemchemi na beseni la maji kichwani anaijua siri hii bila kufundishwa: akitembea kwa hatua fulani, maji yanaanza kucheza mbele na nyuma yenyewe na kumwagika, akibadilisha hatua, yanatulia. Kila kitu kina mpigo wake ambao kikitikiswa kwa mpigo huo kinacheza zaidi ya kinavyotikiswa. Mwili wa mtu aliyekaa unao mpigo wake pia. Wataalamu wa mitetemo wanaupima kuwa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, na kipimo cha kimataifa kinachoitwa ISO 2631 kinahesabu mitetemo ya eneo hilo, ile ya juu na chini, kuwa mibaya kuliko mingine kwa mtu aliyekaa. Kwa bahati mbaya, gari kubwa kwenye barabara ya udongo yenye mawe linatikisika sana karibu na hapo hapo. Uti wa mgongo unacheza kama maji ya beseni, na misuli ya kiuno inakazana saa nzima kuuzuia, mpaka inachoka na kuacha kazi hiyo kwa mifupa na vile visahani laini vilivyo kati ya pingili.

Kukaa kwenyewe tayari ni mzigo. Katika miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Alf Nachemson, alipima mbano ndani ya visahani hivyo kwa kuingiza sindano maalumu kwa watu hai, akakuta kwamba anayekaa bila kuegemea anabana visahani zaidi kuliko aliyesimama. Vipimo vilivyofuata huko huko vilionyesha kwamba mgongo wa kiti ukilala nyuma kidogo, na kiuno kikiwekewa kitu cha kukishika, mbano unapungua. Kwa hiyo shofere anayekalia gunia akiinama juu ya usukani anapata mabaya mawili kwa wakati mmoja: mbano wa kukaa vibaya na mtetemo usiokatika.

Nchi nyingine zimeandika jambo hili katika sheria. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2002 agizo namba 44 linaloweka mipaka ya mtetemo wa mwili mzima kwa siku ya kazi ya saa 8. Ukifika nusu mita kwa sekunde mraba, mwajiri lazima achukue hatua; mita 1.15 ni mwisho, haipitwi. Viwanda vya magari makubwa navyo vimefikiria kiti. Magari hayo hayo, yakizeeka, ndiyo yanayopitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam hadi huku kwetu. Kiti kizuri kinafika kikiwa kimekufa, na sisi tunamalizia kukizika.

Ni vizuri kujua kiti hicho kinafanya nini, maana wengi wamekikalia miaka bila kukitazama chini. Chini ya sponji kuna vyuma viwili vilivyokutana kama mkasi, vinavyofunguka na kujifunga. Kati yake kuna springi, au mfuko wa mpira unaojazwa upepo kutoka tangi la breki. Pembeni kuna amortisere ndogo, kama ile ya gurudumu, inayozuia kiti kisirukeruke. Kiti kama hicho kikiwa kizima kinapanda na kushuka polepole, mara moja na nusu au mbili kwa sekunde. Kabini ikitikiswa mara tano, kiti kinabaki nyuma, hakiufuati ule mtikiso, na mgongo unapata sehemu tu ya kile kinachotoka barabarani.

Pia kuna kitufe au mkono wa kuzungusha, wenye namba za kilo. Huo ni wa uzito wa anayekaa. Shofere wa kilo 60 akikalia kiti kilichofungwa kwa mtu wa kilo 110, kiti hakishuki hata kidogo, ni sawa na kukalia ubao. Mtu wa kilo 90 akikalia kilichofungwa kwa kilo 60, kinashuka mpaka chini na kugonga chuma kwa chuma kwenye kila shimo, na pigo hilo linaweza kuwa baya kuliko kukosa springi kabisa. Magari yanayoendeshwa na mashofere wawili kwa zamu yanahitaji kitufe hicho kiguswe kila zamu. Kazi yenyewe ni ya dakika moja, isipokuwa kitufe kiwe kimeshika kutu, na mara nyingi kimeshika. Upepo ukianza kuvuja kwenye mfuko, dawa ya parkingi inajulikana: kabari la mti linapigwa kati ya vyuma vya mkasi ili kiti kibaki juu. Kuanzia siku hiyo shofere anakalia kabari.

Magari madogo ya Fuso Canter, ambayo ndiyo mengi kwenye barabara ya Beni na Butembo, kwa kawaida hayana mkasi huo. Kiti chake kimefungwa moja kwa moja kwenye sakafu ya kabini, na kabini yenyewe imekaa juu kabisa ya gurudumu la mbele. Shofere yuko juu ya ekseli. Kila jiwe linalopigwa na gurudumu linapanda kwake bila kupita mbali. Kwa gari la namna hii sponji ndiyo ulinzi wote uliopo, na sponji yenyewe inanunuliwa bila kuulizwa.

Kosa la kawaida ni kukata godoro. Kiti kinapobonyea, linaletwa kipande cha godoro la zamani, laini, nene, kinafunikwa na kitambaa kizuri cha rangi, na shofere anafurahi kwa wiki mbili. Sponji laini na nene inaingia ndani mpaka makalio yanafika kwenye chuma, na kabla ya kufika huko inamrusha mtu juu na chini kwa ule ule mpigo wa mara 4 unaochezesha uti wa mgongo. Starehe ya kukaa gari likiwa limesimama haionyeshi chochote. Fundi mzuri wa viti anaweka chini sponji ngumu, nzito, ile ambayo ngumi ikikandamizwa kwa uzito wa mwili haigusi chuma, na juu yake tabaka jembamba laini kwa ajili ya ngozi tu. Mgongo wa kiti anaulaza nyuma kidogo, usiwe wima kama kiti cha kanisani, na anaacha uvimbe mdogo mahali pa kiuno. Asiyekuwa na pesa ya fundi anaweza kukunja kitenge kikawa kama mkono wa mtu na kukiweka nyuma ya kiuno. Kinateleza, ni kweli, kinafaa kufungwa kwa kamba.

Halafu umbali. Kiti kingi kimekwama kwenye reli yake mahali alipokiacha shofere wa Japani. Anayekanyaga pedali ya kushoto mpaka mwisho huku kiuno kikiteleza mbele amekaa mbali mno. Goti linatakiwa kubaki limekunjika kidogo. Mafuta kidogo kwenye reli yanatosha kuirudisha kazini.

Usukani unaongeza balaa lake. Magari mengi ya upande huu wa mashariki yana usukani wa kulia, na Congo inaendesha upande wa kulia wa barabara. Shofere anayetaka kupita gari la mbele haoni kitu. Anajivuta upande wa kushoto, anageuza kiuno na shingo, huku gari likimtikisa. Mgongo uliopindwa na kutikiswa kwa wakati mmoja unaumia haraka kuliko ule ulionyooka. Ndiyo maana taniboi mwenye macho, anayemwambia shofere kama njia iko wazi, analinda mgongo wa bwana wake bila kujua, na kioo kikubwa cha upande wa kushoto kilicho kizima kina kazi hiyo hiyo.

Kwenye pikipiki hali ni nyingine, na huko ndiko familia zilizokimbia vita zinapoguswa zaidi. Tangu vita viliporudi Rutshuru na kupanda hadi Lubero, na kwa miaka ambayo mauaji ya ADF yamekuwa yakiwafukuza watu vijijini upande wa Beni na Mambasa, vijana wengi waliokuwa wakulima wameingia mjini bila shamba na bila kazi. Anayepata bahati anapewa pikipiki ya mtu kwa sharti la kuleta pesa kila jioni. Shamba lilimchosha, lakini shambani mtu anainama, anasimama, anatembea, anakaa kivulini. Juu ya TVS au Boxer motari anakaa kuanzia alfajiri mpaka usiku bila mahali pa kuegemea, abiria wawili nyuma yake wakimsukuma hadi juu ya tangi.

Kiti cha pikipiki hizo kiwandani kilitengenezwa kwa watu wawili. Huku kimerefushwa kwa chuma, na amortisere za nyuma zimekazwa hadi mwisho ili ziweze kubeba abiria watatu au magunia mawili ya makala. Motari anaporudi mtupu, pikipiki iliyokazwa hivyo inamgonga kama nyundo. Kulegeza na kukaza kunafanyika kwa spana ndogo ya umbo la mundu, chini ya amortisere, hatua moja moja. Mwenye siku ya abiria peke yao alegeze. Mwenye siku ya mizigo akaze. Amortisere inayovuja mafuta haizuii kitu tena, na pikipiki inaendelea kuruka baada ya shimo kupita. Gurudumu nalo lisijazwe upepo kama jiwe. Sponji ya kiti chake inakubali dawa ile ile ya kiti cha Fuso: ngumu chini, laini kidogo juu. Kumwambia kijana anayehesabu pesa ya jioni apumzike nusu saa ni rahisi kwa anayesema. Lakini kushuka na kutembea wakati abiria wanatafutwa, badala ya kulala juu ya tangi, hakumpunguzii abiria hata mmoja.

Jambo la kubeba mizigo lisisahaulike. Mtu anayeshuka baada ya saa nyingi za kutikiswa ana misuli ya kiuno iliyolegea. Akiinama papo hapo kuinua gunia la maharagwe, ndipo panapolia ndani ya mgongo kitu kama kamba inayokatika. Atembee kwanza, anyooke, dakika kumi, mizigo haikimbii.

Abiria wa juu ya mizigo nao wanatikiswa, ingawa ni kwa safari moja. Familia inayohama na kila kitu chake haina la kuchagua, lakini wenye kupanga watu kwenye gari wanalo. Mahali pabaya zaidi ni nyuma kabisa, baada ya gurudumu la mwisho, panaporuka kuliko kote. Katikati, kati ya ekseli mbili, ndipo panapotulia. Mama mjamzito, mzee na mgonjwa wapewe hapo, na bunda la nguo liwekwe chini yao. Leo mara nyingi wanapewa nyuma, kwa sababu wanachelewa kupanda.

Kuhusu dawa: karibu na kila parkingi kuna duka linalouza vidonge vya diklofenaki kimoja kimoja, na shofere anameza asubuhi na mchana kama chai. Vidonge hivyo vinanyamazisha maumivu, havirudishi kisahani mahali pake, na vikimezwa kila siku na tumbo tupu vinatoboa tumbo. Pombe kali ya vifuko juu yake inazidisha. Shofere ambaye miguu inakufa ganzi, anayeshindwa kusikia kitu sehemu ya kukalia, au ambaye mkojo umegoma kutoka au unatoka bila kumwuliza, huyo hana siku ya kungoja. Aende hospitali siku ile ile. Na maumivu ya mgongo yanayokuja na homa, jasho la usiku na kukonda si ya kiti. Kifua kikuu kinaingia pia kwenye mifupa ya mgongo, na kina dawa yake.

Wenye magari wana jibu moja, na lina ukweli ndani yake: tatizo ni barabara. Mwezi wa Juni 2021 marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua mpakani, kati ya Kasindi na Mpondwe, mradi wa kutengeneza kilomita 223: Kasindi hadi Beni 80, Beni hadi Butembo 54, na Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru 89. Kila kipande chenye lami kinaonekana kwenye mgongo wa shofere kabla hakijaonekana kwenye bei ya soko. Kiti kizuri hakishindi shimo la kina cha goti, hilo ni wazi. Lakini barabara ni ya serikali na ya vita na ya mvua. Kiti ni cha mwenye gari peke yake. Na mwendo pia ni wake, kwa sehemu kubwa. Anayemlipa shofere kwa safari, na kumpigia simu kila saa akiuliza amefika wapi, ndiye anayemkanyagia mafuta. Kupunguza mwendo kwenye sehemu mbaya kunapunguza mtetemo kuliko kiti chochote, na kunaokoa resore zile zile anazozipenda.

Sheria ya kazi ya Congo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, ina sehemu nzima juu ya afya na usalama wa mfanyakazi, na hifadhi ya jamii, CNSS, ina tawi la hatari za kazini. Shofere asiye na mkataba wa maandishi, ambaye hajawahi kuandikishwa, hafiki kwenye mlango huo. Anabaki na huruma ya mwenye gari, na huruma inaisha baada ya mwezi wa pili. Vyama vya mashofere, ACCO na vingine, vinapokaa na wenye magari kuzungumza juu ya malipo na vizuizi vya barabarani, viongeze mstari mmoja juu ya kiti. Ukaguzi wa gari unaotazama taa, breki na magurudumu unaweza pia kumtaka mkaguzi apande kabini na kukandamiza sponji kwa ngumi.

Hakuna haja ya kuagiza kiti kipya kutoka mbali. Nyuma ya magaraji ya Butembo na Beni kuna magari makubwa yaliyokufa, yamechukuliwa injini na magurudumu, na viti vyake vya mkasi vimeachwa mvuani kwa sababu hakuna anayeviulizia. Mfuko wa upepo ukiwa umepasuka, springi za chuma zinaweza kuwekwa badala yake. Fundi wa kuchomelea anahitaji tundu nne kwenye sakafu, bolti nne, na vipimo vya urefu ili kichwa cha shofere kisigonge paa na miguu ifike kwenye pedali. Ni kazi ya nusu siku. Inaweza kufanyika gari likiwa limesimama kushusha mzigo, wakati fundi mwingine yuko chini anafunga resore mpya.